Kirangozi wa Njia ya Ujiji

Katika karne ya 19, tajiri wa Bagamoyo aliyeazimu kwenda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kutafuta pembe za ndovu aliweza kukopa merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, akaajiri wapagazi na askari wa kuwalinda, na bado asithubutu kung'oa mguu mpaka apatikane kirangozi, mtu ambaye kichwani mwake ilihifadhiwa njia nzima ya zaidi ya kilomita 1,000, pamoja na visima vyake, vivuko vyake na tabia za watemi wenye kudai hongo, yaani ushuru wa kupita.

Njia yenyewe haikuwa barabara. Ilikuwa ujia wa kupita mtu mmoja nyuma ya mwenziwe, uliodhihiri wakati wa kiangazi na kutoweka masika, nyasi zilipoota zikampita mtu kimo. Tena kila ulipokaribia kijiji uligawanyika vijia vingi, hiki cha mashambani, hiki cha mtoni, hiki cha wakata kuni, na mgeni hana dalili ya kupambanua kipi kiendacho magharibi. Kirangozi akifika njia panda hukata tawi akalilaza kukingama kijia kisichofuatwa, au hupiga mstari mchangani kwa mguu wake, kisha akapita zake. Na wale wa nyuma kabisa, ambao katika msafara mkubwa huenda wakafika pale muda mrefu baadaye, huona wakafahamu pasipo kuambiwa neno. Alama nyepesi kuliko hiyo, nayo yenye kutosheleza, ni taabu kuibuni.

Richard Burton, Mwingereza aliyeondoka Kaole mwaka 1857 akawasili Ujiji Februari 1858, amemwandika kirangozi kwa tafsili: joho jekundu, ngozi ya mbega, manyoya kichwani, na bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, mpiga ngoma akimfuata. Mtu angedhani hayo ni majivuno matupu (na majivuno, kusema kweli, hayakukosekana), walakini wekundu ule ulionekana kwa mbali kati ya majani, na ngoma iliwafikia waliotaka kusalia nyuma. Mpagazi aliyethubutu kumtangulia alitolewa mshale mmoja podoni mwake, asirudishiwe ila kwa kuukomboa mwisho wa mwendo, kwani watu wakiisha kumfuata asiyejua njia, msafara mzima umo hatarini.

Hatari kubwa aghalabu ilikuwa kiu. Katika nyika ya Marenga Mkali kabla ya Ugogo, na katika Mgunda Mkali baada yake, kukosea kijia kulikuwa ni kukosea maji. Kwa hiyo misafara iliterekeza, yaani iliondoka alasiri ikiisha kunywa na kujaza vibuyu, ikalala porini pasipo maji, ikadamka alfajiri kuwahi kisima cha mbele, ambacho kirangozi alikijua kwa mti fulani au jabali fulani.

Maarifa hayo hayakuletwa na watu wa pwani wala na Wazungu. Wanyamwezi, watu wa nchi ya Tabora, walikuwa wakiteremka pwani na pembe zao kabla wafanyabiashara wa Unguja hawajazoea kupanda bara, na virangozi wengi walitoka kwao. Hata mwaka 1871, vita vya mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya kawaida baina ya Tabora na Ujiji, mwandishi wa gazeti Stanley hakupata kumfikia Livingstone, mpelelezi aliyekuwa Ujiji, ila kwa kuzunguka kusini, akiongozwa na watu waliojua pori lile. Dira yake ilimwonyesha magharibi, na wao wakamwonyesha pa kuvukia. Vitabu vya Ulaya vikawaita wenye dira wavumbuzi wa njia hiyo, dai ambalo mimi naliona si la haki.

Reli ya Kati, iliyojengwa na Wadachi kutoka Dar es Salaam, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma, jirani na Ujiji, mwaka 1914, kwa sehemu kubwa ikipita nchi zile zile za misafara, na tangu hapo kazi ya kirangozi katika njia ya Ujiji ikawa imekwisha.