Kutoa Pepo na Maradhi ya Akili katika Kanisa

Watu wa pwani wana maneno mawili yasiyopasa kuchanganywa. Kupunga pepo ni kazi ya mganga: ngoma hupigwa, mgonjwa huitwa kiti, na pepo huulizwa jina lake na haja yake, kisha hupewa atakacho ili atulie. Kutoa pepo ni neno la Injili: hapana mapatano, ila amri kwa jina la Bwana. Lakini yote mawili yaacha swali moja: mtu huyu ana pepo, au ni mgonjwa?

Swali hilo si geni katika Kanisa. Mathayo 4:24 yataja wenye pepo na wenye kifafa mbalimbali. Kanuni ya 72 ya Kanisa la Uingereza, ya mwaka 1604, ilimkataza kasisi kutoa pepo kwa kufunga na kuomba pasipo ruhusa ya askofu wake. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 nacho kilimwonya padre asiwe mwepesi wa kusadiki kwamba mtu ana pepo, bali azijue dalili zimpambanuazo na mgonjwa.

Hata hivyo, ruhusa peke yake haitoshi. Huko Ujerumani, Anneliese Michel, mwanafunzi aliyekuwa ametibiwa kifafa, alisomewa ibada hiyo na mapadre mara 67 tangu Septemba 1975, na askofu wa Würzburg alikuwa ametoa idhini. Chakula akakiacha, na matibabu yakakoma. Tarehe 1 Julai 1976 alikufa kwa kukosa chakula na maji, mwenye miaka 23. Mwaka 1978 mahakama ya Aschaffenburg iliwatia hatiani mapadre wawili na wazazi wake, kwa kuwa uzembe wao ulileta kifo chake. Ibada mpya ya Roma, iliyotolewa mwaka 1999, yamtaka padre ashauriane, ikihitajika, na wajuzi wa maradhi ya akili.

Katika nchi yetu misheni yenyewe ilionyesha njia. Lutindi katika Usambara, palipoanzwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, pakawa baadaye nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili. Huko sala na dawa hazikugombana.

Basi mwalimu aletewapo mtu anayepiga kelele au kuanguka, na amwombee. Lakini asimfunge kamba, asimnyime chakula, wala asimwambie atupe dawa zake. Pepo hafukuzwi kwa njaa ya mgonjwa.