Science Congress, YSK, Technovation: Jinsi Mwanafunzi wa Shule ya Kawaida Anaeza Kutoboa na Sayansi Kabla ya Kufika Chuo

Kama uko sekondari, unapenda sayansi, lakini maabara ya shule yenu ni kabati moja na balbu imeungua, hii stori ni yako. Wasee wengi hudhani mashindano ya sayansi na kambi za uinjinia ni za watoi wa shule kubwa pekee, wale wazazi wao wana chapaa. Si hivyo. Programu nyingi za maana hazikulipishi kitu, na zingine zimewahi kubebwa na shule ambayo ilikuwa na kompyuta moja tu.

Shida kubwa ni moja: habari hufika late. Mwanafunzi anasikia kuhusu Science Congress siku ile wenzake wanapanda basi kwenda kuonyesha miradi yao, na yeye anaachwa kwa mataa. Tumekupangia kila kitu hapa chini, ujue rada mapema.

Hizi programu ni nini hasa?

Kwa kifupi ni masomo ya ziada ya sayansi, hesabu, kompyuta na uinjinia, nje ya silabasi, kabla hujaingia chuo kikuu. Ziko za aina nne:

- Maonyesho ya miradi: unachunguza kitu au unatengeneza kitu, halafu unajitetea mbele ya majaji.
- Mashindano ya timu: mnaunda roboti au apu.
- Kambi za likizo: unakaa chuoni wiki kadhaa ukifundishwa.
- Mwaka wa daraja: umemaliza sekondari, unanolewa kabla ya chuo.

Kwa Kenya stori hii imekuwa muhimu zaidi kwa sababu ya mtaala mpya. Darasa la kwanza la Gredi 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, na mikondo ni mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Mtoi anachagua mkondo akiwa bado mdogo sana. Mradi mmoja wa kushika kwa mikono unaeza kumwonyesha kama kweli anapenda hii kitu ama anafuata mbogi tu.

Science Congress: mlango mkubwa zaidi

Jina rasmi ni Kenya Science and Engineering Fair, KSEF, lakini mathe na buda wako wanaijua kama Science Congress. Iko chini ya Wizara ya Elimu. Mradi hubebwa na mwanafunzi mmoja ama wawili, na mko na mwalimu anayewasimamia.

Ni kama ligi ya mchujo. Unaanza shuleni, unapanda hadi zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, halafu kitaifa. Kila hatua wengine wanabaki. Kuna vitengo vingi: hesabu, fizikia, kemia, biolojia, kompyuta, uinjinia, kilimo, mazingira, nishati, chakula, hata sayansi ya tabia za watu. Kwa hivyo kama fizikia hukupiga chenga lakini unaelewa mbona ng'ombe wa ushago wanapunguza maziwa wakati wa kiangazi, bado una kitengo chako.

Majaji huangalia vitu vitatu: ulichoandika, unavyobonga, na ulivyofikiria. Hapo kwa kufikiria ndio wengi huanguka. Mashine inang'aa, ina taa za rangi tatu, lakini jaji akiuliza "ulijuaje inafanya kazi?" kijana anaangalia viatu vyake. Ukipima mara ishirini na kuandika matokeo yote, hata yale mabaya, unaeza kumshinda mwenye mashine ya bei.

Wanaong'aa sana kitaifa wanaeza kufika ISEF huko Marekani. Hayo ndiyo maonyesho makubwa zaidi ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari duniani. Yalianza 1950 mjini Philadelphia, na siku hizi huleta zaidi ya wanafunzi 1,600 kutoka nchi zaidi ya 60.

Keriko: shule ya kutwa iliyotoka na kompyuta moja

Ukitaka ushahidi, cheki Keriko Mixed Day Secondary School. Iko kijiji kinaitwa Pwani, na usichanganye, hii Pwani haina bahari. Iko Njoro, Kaunti ya Nakuru. Ticha wa hesabu na fizikia hapo alikuwa Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko. Shule ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, intaneti ya kubahatisha, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Ticha alikuwa anaenda saiba, anahifadhi masomo kutoka mtandaoni, halafu anarudi kuyafundisha darasani bila intaneti.

Alipanua klabu ya sayansi, na mwaka wa 2018 wanafunzi wake wakapeleka kwa KSEF kifaa cha kusaidia watu wasioona na wasiosikia kupima vitu. Wakaibuka nambari moja kitaifa kati ya shule za umma. Timu yao ya hesabu ikafuzu kwenda ISEF ya 2019 kule Arizona. Wanafunzi wengine walishinda tuzo ya Royal Society of Chemistry ya Uingereza baada ya kutoa umeme kwa mimea inayomea hapo karibu.

Machi 2019 Tabichi mwenyewe akashinda Global Teacher Prize, dola milioni 1, huko Dubai. Aliyekuwa jukwaani ni Hugh Jackman, ndio, yule Wolverine. Wengi walikumbuka picha na hiyo doo. Lakini angalia hii: mwaka wa 2017, wanafunzi 16 kati ya 59 wa Keriko waliendelea na masomo ya juu. Mwaka uliofuata wakawa 26. Hapo ndipo klabu ya sayansi hulipa: mtoi akishaona kichwa chake kinaeza kushinda, anaanza kubukua kwa roho tofauti.

Young Scientists Kenya: ndugu yetu wa Ireland

YSK ilizinduliwa 2017 kwa ushirikiano na Ireland. Mfano wake ni maonyesho ya wanasayansi wachanga yaliyoanza Dublin mwaka wa 1965. Kwa YSK unatuma wazo kwanza; likikubaliwa ndio unaalikwa kwenye maonyesho ya kitaifa. Walimu pia hufundishwa jinsi ya kusimamia miradi, na hiyo ni ya maana kwa sababu shule nyingi hazikosi vichwa, hukosa ticha wa kuwaongoza.

Unauliza kama hii kitu humfikisha mtu mahali? Mwaka wa 2005 kijana wa miaka 16 kutoka mashambani Ireland alishinda yale ya Dublin akiwa ameunda lugha ya kompyuta. Jina lake ni Patrick Collison. Yeye na ndugu yake John baadaye wakaanzisha Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, ile iliyonunua Paystack ya Nigeria mwaka wa 2020.

Kwa mabinti na wapenda roboti

Technovation ni ya wasichana wa miaka 8 hadi 18. Mnaunda timu ya watu hadi watano, mnapewa mshauri, mnachagua shida ya mtaa wenu na kuitengenezea apu. Hakuna ada.

Mwaka wa 2017 mabinti watano wa Kisumu Girls walijiita The Restorers. Walitengeneza i-Cut, apu ya kumsaidia msichana aliye hatarini kukeketwa aombe msaada, na aliyekeketwa apate matibabu na ushauri wa kisheria. Kenya ilikuwa imeharamisha ukeketaji kwa sheria ya 2011, lakini sheria iko kwa karatasi na msichana yuko kijijini. Apu ilitaka kuziba hilo pengo. Walikuwa timu pekee kutoka Afrika iliyofika finali mwaka huo kule Google, California. Mwaka wa 2019 wakaingia kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya.

Kwa roboti kuna FIRST Global Challenge. Ilianza 2017 Washington, na kila nchi hupeleka timu moja ya vijana wa miaka 14 hadi 18. Timu zote hutumia vifaa sawa, kwa hivyo pesa haimpi mtu nafasi ya kuwapita wengine.

Za majuu: soma masharti kabla hujajaza fomu

Hapa wasee hupoteza muda sana. MITES ya MIT, iliyoanza 1975, ni noma: wiki sita za hesabu na sayansi bila ada. Lakini ni ya raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani. Kama una binamu aliyezaliwa Dallas ama Minneapolis, mtumie hii stori. Wewe wa Kayole, usikae usiku mzima ukijaza.

RSI, Research Science Institute, ilianza 1984 na hufanyika pia MIT. Ni wiki sita, bure, na wanaochukuliwa hawafiki hata wanafunzi mia mbili. Wanafunzi wa nje ya Marekani hupitia nchi zilizo na makubaliano na waandalizi.

Karibu zaidi na nyumbani kuna African Science Academy, Tema, Ghana. Ilifunguliwa 2016 kwa wasichana wa Afrika waliomaliza sekondari. Wanasoma hesabu na fizikia za kiwango cha A kwa mwaka mmoja, na ufadhili upo kwa wasiojiweza.

Suala la doo: usiingizwe boksi

Kuna kambi nyingi za likizo hukodisha madarasa ya chuo kikuu maarufu halafu zinauza jina la hicho chuo. Unapata barua pepe, "Hongera, umeteuliwa," na chini kabisa unaambiwa ulipe maelfu ya dola. Si lazima iwe ya wakora, unaeza kufunzwa vizuri tu. Ila kulipa si kuteuliwa, na mzazi asiuze shamba kwa sababu ya cheti.

Jiulize hivi:

- Walikuuliza nini kabla ya kukuchagua? Kama walitaka jina na nambari ya simu pekee, hakuna mchujo hapo.
- Wanataka pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi? Hepa.
- Tovuti ya chuo chenyewe inaitaja hiyo programu? Ingia ucheki mwenyewe.

Hata za bure zina gharama za pembeni: fare, chakula, mbao za kuonyeshea, pasipoti. Shule nyingi za kutwa hukwama hapo, si kwa akili. Ndio maana ni vizuri kubonga na mwalimu mkuu na chama cha wazazi mapema, kabla bajeti yote haijaenda kwa michezo na muziki.

Unaanza aje?

1. Tafuta ticha mmoja. Si lazima awe wa sayansi, awe tu mwenye moyo. Bila yeye shule haiwezi kukuandikisha.
2. Anza na swali la nyumbani. Kwa nini mahindi ya cucu yanaoza stoo? Jiko gani linamaliza makaa polepole? Maji ya kisima chenu yana chumvi kiasi gani?
3. Nunua daftari la mradi. Andika tarehe, ulichofanya, ulichopata. Usichane karatasi hata kama matokeo ni mabaya.
4. Omba ruhusa kabla ya kuanza kama unatumia watu, wanyama ama viini. Sheria za ISEF ni kali: kukuza bakteria nyumbani hakuruhusiwi, na mradi unaeza kutolewa kwa hilo pekee.
5. Fanya mazoezi ya kujieleza. Mweleze beshte asiyesoma sayansi. Akielewa, jaji ataelewa.

Ukishaonyesha, linda kitu yako

Hii wengi hawaambiwi. Siku ya maonyesho kila mtu anapiga picha ya mradi wako, na hapo siri imeisha. Sheria ya Kenya ya mali ya viwanda ya 2001 inakupa miezi 12 tangu uonyeshe hadharani kupeleka ombi la hataza kwa KIPI. Hiyo nafuu haiko kila nchi. Hataza hudumu miaka 20. Kama ulichofanya ni kuboresha kifaa kilichopo, kuna cheti chepesi zaidi cha miaka 10. Si kila mradi unahitaji hayo yote, lakini uliza ticha kabla ya siku ya maonyesho.

Na mtihani wa mwisho je?

Mzazi atauliza, na ako na haki. Mradi unakula wikendi na jioni, na hakuna jaji atakuongezea alama kwa mtihani. Kwa hivyo fanya mradi ukiwa Gredi 10 ama mwanzoni mwa 11, si ukiwa karibu na karatasi ya mwisho. Ukishapima kitu kwa mikono yako na kuchora grafu ya matokeo yako mwenyewe, lile swali la grafu kwa mtihani wa fizikia halikutishi tena.

Muhula ukifungua, usingoje tangazo kwa parade. Nenda stafurumu, bisha, uliza: "Mwalimu, nani anasimamia Science Congress hapa shuleni?" Wakisema hakuna, muombe huyo uliyemuuliza awe wa kwanza.