Reli ya mezani: Jinsi ya kutengeneza modeli za magari ya stesheni ya Tabora

Ukitaka kutengeneza reli ndogo ya mezani inayofanana na ya kwetu, Tabora ni mahali pazuri pa kuanzia. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1912 na kumalizikia Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa kiasi kikubwa uelekeo wa njia ya zamani ya misafara kati ya pwani na Ujiji. Mpaka leo Tabora ndipo reli inapogawanyika: huku Kigoma, huku Mwanza.

Lakini treni peke yake haitoshi kumfanya mtu aseme "hii ni Tabora". Kinachoonyesha mahali ni vyombo vilivyopaki nje ya stesheni: Fuso, bajaji, bodaboda, baiskeli yenye magunia ya mkaa. Na hivyo ndivyo wengi huvifanya kwa kukisia.

Chagua mwaka kwanza

Ukichagua 1914, sahau malori. Weka wapagazi, maana mizigo mingi ilikuwa bado inabebwa na watu, kila mmoja kilo 30 hivi. Ukichagua miaka ya 1960, ni zama za East African Railways: injini za mvuke zipo, nje weka Land Rover na Bedford. Ukichagua leo, weka Fuso, Scania na bajaji.

Usichanganye. Bajaji ikipaki pembeni ya injini ya mvuke iliyo kazini, kazi yote imeharibika.

Skeli ni kugawanya tu

Skeli inayotumika sana duniani ni HO, yaani 1:87. Chukua kipimo halisi, gawanya kwa 87:

- Bajaji, urefu mita 2.6: milimita 30
- Basi la mita 12: milimita 138
- Lori, upana mita 2.5: milimita 29
- Tairi la lori, kimo mita 1.05: milimita 12
- Pipa la lita 200, kimo sentimita 88: milimita 10
- Mtu wa mita 1.7: milimita 20

Reli nayo ina hesabu yake. Reli ya zamani ya Tabora ina upana wa milimita 1,000, hivyo kwenye HO inakuwa milimita 11.5. Nunua reli ya milimita 12, inayouzwa kwa jina la HOm. SGR ina milimita 1,435, ambayo inakuwa 16.5, yaani reli ya kawaida ya HO. Kwa hiyo unaweza kuweka reli zote mbili meza moja, na tofauti yake ikaonekana kwa macho.

Kuwa makini na magari ya watoto ya madukani. Mengi ya Hot Wheels na Matchbox yanakaribia 1:64. Ukiyaweka kwenye HO yanazidi kwa zaidi ya theluthi moja, na dereva wa lori ataonekana jitu.

Ya kununua: angalia usukani

Kampuni za Ujerumani kama Herpa na Wiking hutengeneza malori na mabasi ya 1:87. Ni mazuri, ila mengi yana usukani kushoto, na mabasi yana milango kulia. Kwetu ni kinyume. Fungua kabini, hamisha usukani. Kwa basi, ziba milango ya kulia kwa kadi ngumu na uchore mingine upande wa kushoto.

Ya kutengeneza mwenyewe

Ukikua ukitengeneza magari ya waya na makopo, tayari una ujuzi. Hapa unahitaji kupunguza ukubwa na kuongeza subira.

Bodi: kadi ngumu, wembe, rula na gundi. Kata pande zote kwanza, zipange bila gundi, kisha ndiyo uunganishe.

Tairi za lori: toboa vipande vya duara kwenye ndala kwa kibomba chenye tundu la milimita 12.

Gurudumu la baiskeli: linatakiwa milimita 8. Zungushia unyuzi mmoja wa waya wa umeme kwenye kalamu ya kawaida, kisha kata.

Mambo madogo yanayobeba uhalisia

Namba: gari la biashara lina kibao cheupe, gari binafsi lina cha njano. Hata kama herufi hazisomeki, rangi inaonekana.

Mzigo: Tabora ni mkoa wa tumbaku na asali. Lori liwe na marobota chini ya turubai, pembeni madumu na ndoo. Lori tupu lililong'aa linafanana na tangazo la biashara.

Vumbi: chukua udongo mkavu wa eneo husika, uchekeche kwa kitambaa, upake kwa brashi kavu. Uwe mwingi chini na nyuma ya matairi, na upungue kadiri unavyopanda. Maliza na vanishi isiyong'aa.

Pima sasa, usingoje

SGR imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na ujenzi unaelekea Tabora. Reli inapobadilika, na kinachoizunguka hubadilika: yadi, vibanda, aina ya malori yanayokuja kuchukua mzigo. Picha za simu zitabaki, lakini picha haikuambii ukuta ulikuwa na mita ngapi.

Kwa hiyo beba futikamba na daftari. Omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni kabla ya kupima au kupiga picha. Pima lori, mkokoteni, benchi, hata kimo cha jukwaa la abiria, na uandike tarehe. Modeli unaweza kuitengeneza hata mwaka kesho, lakini kitu kikishabomolewa hutapata tena vipimo vyake.