Springi fupi kwenye shokapu za zamani: yajue haya kabla ya kushusha gari

Kushusha gari ni kutoa springi zilizotoka nalo kiwandani na kuweka nyingine fupi, ili bodi likae karibu zaidi na ardhi. Wengi hubadilisha springi peke yake na kuacha shokapu zilezile, kwa kuwa ni nafuu. Kazi hiyo inawezekana, lakini ina hatari mbili: moja inamngoja fundi gereji, nyingine inamngoja dereva barabarani.

Springi na shokapu zinafanyaje kazi?

Katika magari mengi madogo, springi ya mbele imeizunguka shokapu. Muundo huu unaitwa kwa jina la mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, na ulianza kuenea miaka ya 1950. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu, yenye mafuta ndani, huituliza springi isiendelee kudunda baada ya kupita shimo.

Springi fupi kwa kawaida huwa ngumu zaidi. Shokapu ya zamani haikutengenezwa kutuliza ugumu huo, na fimbo yake sasa inafanya kazi ikiwa imezama zaidi. Kama imeshachoka, haitadumu. Ikague kwanza: ukiona mafuta yamevuja ubavuni, au ukikandamiza kona ya gari na kuachia, ikaendelea kudunda, badilisha shokapu kabla ya kufikiria springi.

Kazi inavyofanyika

1. Gari liinuliwe kwa jeki mahali pagumu na tambarare, kisha likae juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee au matofali.

2. Tairi ikishatolewa, mpira wa breki na waya vifunguliwe kwenye shokapu. Kisha zifunguliwe bolti za chini na nati za pembeni za juu, chini ya boneti. Nati ya katikati isiguswe.

3. Springi ibanwe kwa vibanio maalumu viwili vinavyoelekeana, kila kimoja kikazwe kidogo kidogo kwa zamu, mpaka springi ilegee kwenye vikalio vyake. Hapo ndipo nati ya katikati hufunguliwa.

4. Springi mpya ikae sawasawa kwenye vikalio, nati zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, na upande wa pili ufanywe vilevile.

5. Gari likishashuka chini, lipelekwe kupimwa alaimenti, la sivyo tairi zitalika upande mmoja. Taa za mbele pia zirekebishwe.

Hatua ya tatu ndiyo ya kuua. Springi iliyotolewa garini bado imebanwa. Nati ya katikati ikifunguliwa bila vibanio, springi hufyatuka kwa nguvu inayoweza kuvunja taya au kutoa uhai. Kamba na waya wa kufungia si vibanio.

Vipi kuhusu kukata springi?

Wapo wanaokata mzunguko mmoja kwa moto wa gesi. Moto huo huharibu ugumu wa chuma, na ncha iliyokatwa inaweza isikae vizuri. Gari likipita bonde na tairi kuning'inia, springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake.

Je, inafaa kwa barabara za vijijini?

Ukishusha gari sentimita 3, bodi na sehemu ya chini ya injini vinasogea sentimita hizo hizo karibu na mawe. Sampu ya oili ikigonga jiwe na kupasuka, oili humwagika, na ukiendelea kuendesha injini hufa. Gari likibeba magunia hushuka zaidi.

Kwa hiyo ukinunua gari lililotumika mjini, chungulia springi kabla ya kulipa. Zikiwa na ncha iliyokatwa, au nafasi kati ya tairi na bodi ikiwa ndogo kuliko ya magari mengine ya aina hiyo, jumlisha gharama ya kurudisha springi za kawaida unapopatana bei.