Kutundikwa ndani ya maji: dawa ya mgongo toka Hévíz

Kunyoosha mgongo kwa kuuvuta ni dawa ya zamani sana. Huko Ugiriki, zaidi ya miaka 2300 iliyopita, waganga wa shule ya Hippocrates walikuwa wanamlaza mgonjwa juu ya ubao, wanamfunga kamba, kiisha wanamvuta huku na huku. Shida ilikuwa moja: mtu akivutwa kwa nguvu, nyama za mgongo zinakaza na kushindana na kamba.

Jibu la shida ile lilipatikana ndani ya maji, katika inchi ya Hungaria. Kule kuna ziwa la Hévíz, lenye maji ya moto yanayotoka chini ya udongo. Hata wakati wa baridi kali watu wanaoga mule. Mwaka wa 1795 bwana mkubwa wa eneo lile, György Festetics, alijengesha nyumba ya kuogea. Lakini kwa miaka mingi wagonjwa walikuwa wanaoga tu. Ni katika mwaka wa 1953 ndipo munganga Károly Moll alianzisha pale njia yake: mgonjwa anatundikwa wima ndani ya maji ya uvuguvugu bila miguu kugusa chini, ameshikiliwa kwenye shingo ao chini ya makwapa, na vyuma vya kilo chache vinafungwa kiunoni ao miguuni. Anakaa vile dakika kama 20.

Namna gani inasaidia? Maji yanabeba uzito wa mwili, joto linalegeza nyama, na vyuma vinavuta polepole. Mifupa ya mgongo inaachana kidogo, na mshipa uliokuwa unabanwa unapata nafasi. Waganga wa Hungaria wanaitumia mpaka leo, na uchunguzi wao ulionyesha kwamba maumivu ya kiuno yanaweza kupungua. Lakini si dawa ya kila mgongo, na mtu asijaribu kujitundika shingo peke yake ku ziwa!

Sisi pia tuko na maji ya moto: Kankule karibu na Katana, na Mayi ya Moto upande wa Rutshuru. Tuko tena na mama zetu wanaobeba mizigo kwa kamba ya kichwa mpaka kiuno kinakufa, kiisha jioni wanakandwa kwa kitambaa na maji ya moto, kama wazee walivyofundisha. Watu wa Hévíz nao walianzia kwenye desturi ya kuoga. Ila wao walimwachia munganga aipime: joto kiasi gani, kilo ngapi, dakika ngapi, mgonjwa gani akatazwe. Kazi ile ya kupima, hapa kwetu, ingali inatungojea.