Geita, Mji wa Machimbo
Mgeni awasilipo Geita kwa njia ya Mwanza, akiisha kuvuka ghuba kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, huviona vilima ambavyo Wadachi, mnamo 1898, walipata ndani yake dalili za dhahabu wasijaaliwe kuifaidi. Kwani machimbo hayakushamiri ila katika zama za Waingereza, miaka ya 1930, yakadumu hadi 1966, yakiwa makubwa kupita yote ya dhahabu katika Afrika Mashariki.

Aliyesikia sifa za Potosí, mji wa Wahispania ulioasisiwa 1545 katika milima ya Bolivia chini ya jabali la fedha, asitaraji kukuta hapa makanisa ya mawe wala nyumba ya kupigia sarafu: wakoloni wa Geita walikuja kuchimba, si kutamakani, na kwa hakika mali iliyosafirishwa haikuacha majumba ya fahari.

Mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Na mwaka 2012 Geita, iliyokuwa wilaya ya Mwanza, ikawa mkoa. Wageni wanaombwa wasiyakaribie mashimo ya kale, hususan siku za mvua.