Ukutubi Haukuzuka Wenyewe

Anayesimama kwenye maonyesho ya taaluma akiwavuta wanafunzi waingie ukutubi hafanyi jambo geni, kwani Afrika Mashariki kazi hii ilipata watu kwa kuwatafuta. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, iliwafungia Waafrika mlango hadi 1958. Kijana asiyeruhusiwa hata kuingia angewezaje kuota kukaa nyuma ya meza ya kuazimishia vitabu? Ndiyo maana uhuru ulipokuja, kuwapata wakutubi kulihitaji mpango kama kulivyohitaji kujenga maktaba zenyewe. Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba, na mwaka huohuo chuo cha Makerere, Uganda, kikaanza kufundisha wakutubi wa Afrika Mashariki. Mwalimu Nyerere alipofungua maktaba kuu ya taifa Dar es Salaam, Desemba 1967, mafunzo hayo yalikwisha kuwapo kwa miaka minne.

Wapo wasemao intaneti imeiua kazi hii. Hoja hiyo humwona mkutubi kama mlinzi wa rafu (na kweli, wapo wanaojiweka hivyo). Lakini kiini cha fani ni kuainisha, kuorodhesha na kumfikisha msomaji kwenye anachokitafuta, na habari zikizidi kuwa nyingi, haja hiyo nayo huzidi. Pingamizi la mshahara mdogo ni zito zaidi, wala halijibiwi kwa maneno matamu; mwanafunzi aambiwe ukweli, kisha aonyeshwe njia. Kwa Tanzania njia hiyo ipo: chuo cha ukutubi kipo Bagamoyo.